Vitabu vya Kusini Tulivyovitwaa kwa Utani

Harufu ya sanduku lile naikumbuka kuliko ninavyokumbuka sura za watu. Lilikuwa sanduku la bati, la kijani, kufuli lake limekufa siku nyingi, na ukilifunua lilitoa harufu ya udi, karafuu kidogo, na kitu cha tatu ambacho sisi watoto wa Mkiwa hatukuwa na jina lake kwa sababu kwetu hakipo: karatasi iliyowahi kulowa ikakauka, ikalowa tena, ikakauka tena. Kwetu Singida karatasi hailowi. Kwetu karatasi inakauka mpaka inakatika kama chapati ya juzi, na upepo wa kiangazi unaipeleka Itigi bila nauli. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na siku baba alipolitua lile sanduku sebuleni kwetu niliinua kifuniko nikaingiza kichwa chote ndani, kama mbuzi kwenye pipa la pumba. Halafu nikahesabu vitabu. Kumi na moja. Nikahesabu tena, maana hata utotoni sikuwa mtu wa kuamini hesabu ya kwanza. Kumi na moja.

Vyote vilikuwa vya Kusini, ile Kusini ya pwani: Kilwa, Lindi, Mikindani na vijiji vya katikati. Historia yao, mila zao, ngoma zao, makaburi yao. Vilikuwa mali ya mwalimu wetu wa jiografia, Mwalimu Hashimu, aliyetoka huko huko akaletwa kufundisha watoto wa wakulima wa uwele, na ambaye alikuwa amezikwa siku ile ile asubuhi. Kimoja kati ya vitabu vile, chenye jalada la rangi ya udongo, kilikuwa kimebeba kesho ya watu watatu. Pembeni mwa kurasa zake marehemu alikuwa ameandika kwa penseli majina ya wazee wake, na mikorosho ya baba yake, mti kwa mti, upi unapakana na upi, ili mkewe na watoto wake wawili siku wakirudi kwao wasiwe na mtu wa kuwabishia. Sisi hatukujua. Naliweka wazi mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali ambapo huruma haihitajiki.

Sasa nieleze tulivyolipata. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli pale njia panda, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa utani. Msiba ukitokea kwa watu ambao kabila letu lina utani nao, baba ndiye aliyetangulia. Atalala njiani azuie jeneza lisipite. Atavaa koti la marehemu atembee kama marehemu, mpaka mjane mwenyewe acheke huku machozi yanamtoka. Na mwisho atachukua kitu cha marehemu, jembe, kiti, redio, ataondoka nacho akipiga kelele kwamba ni urithi wake. Wafiwa wanatakiwa wakakikomboe ndani ya siku chache, kwa jogoo, na kama hawana jogoo, hata kwa konzi ya unga. Ndiyo desturi. Anayekomboa anacheka, aliyechukua anacheka, na msiba unakuwa umepata mlango wa kutokea. Baba hakuwahi kukaa na kitu cha mtu zaidi ya wiki moja. Niliwahi kuhesabu vitu alivyochukua na vilivyorudi, na hesabu ilifunga.

Mwalimu Hashimu alipofariki kwa homa ya siku chache, baba aliamua kwamba watu wa Kusini nao ni watani wetu. Hoja yake ilikuwa fupi. Babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka baharini, na wapagazi na watu wa Pwani walitaniana tangu enzi hizo. Mtu mmoja pale msibani alimuuliza, "Lakini huyu si wa Bagamoyo, huyu ni wa Kusini." Baba akajibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Pwani ni Pwani! Maji yale yale, chumvi ile ile!" Watu wakacheka. Kwetu jibu hilo lilitosha. Mtu ambaye hajawahi kuona bahari ana bahari moja tu kichwani, na watu wote wanaokaa kandokando yake ni ndugu. Kaburini hakuleta mchezo, kwa heshima ya dini ya wenyewe. Lakini waliporudi nyumbani kwa marehemu aliiga jinsi Mwalimu alivyokuwa akipangusa chaki kwenye suruali, akafundisha jiografia ya uongo kwa dakika kumi, akaingia chumba cha mbele, akatoka na sanduku kichwani. "Urithi wangu huu! Anayeutaka aje na jogoo, awe mwekundu!"

Mama Rukia, mke wa marehemu, hayo hakuyaona. Alikuwa chumba cha ndani na wanawake. Aliambiwa baadaye kwamba sanduku limekwenda na mtani wenu. Akasema, "Watani wetu mimi nawajua kwa majina. Huyu wa kabila gani?" Wenyeji wakacheka wakidhani naye anatania, kila mmoja akaamini mwenzake atamweleza vizuri, na hakuna aliyemweleza. Akabaki na maana yake mwenyewe: kwamba huku bara mgeni akifiwa wanamchukulia mali, ila wana neno zuri la kuliitia jambo hilo. Na hata angeelewa asingeweza kuja. Alikuwa ameingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na mjane wa eda hawezi kubeba jogoo kwenda kupiga hodi kwa fundi baiskeli.

Basi siku tatu zikapita, wiki ikapita, arobaini ikasomwa. Hakuna jogoo. Mama alimwambia baba alirudishe tu lile sanduku, linabana mlango. Baba akasema haiwezekani. Mtani akirudisha kitu bila kukombolewa amekiri kwamba hakikuwa utani, ulikuwa wizi, na amemtukana aliyelala kaburini. Alisema mjane atatuma mtu wake, subirini. Lakini kila wiki iliyopita ilimpunguzia sauti. Nilimwona akilipita lile sanduku kwa kuzunguka meza, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Mimi nililipenda. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukaanga karanga za mama za kuuzia abiria wa mabasi, na ukikaanga karanga una muda mrefu wa kukaa na una mkono mmoja wa bure. Mkono ule ndio uliosoma. Kiangazi chote nilikaa pale jikoni moshi ukinitoa machozi, nikasoma habari za watu waliokuwa na misikiti ya mawe ya matumbawe ambayo paa zake zimeanguka na mibuyu imeota ndani. Nikasoma kwamba wafalme wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe, zenye majina yao. Nikasoma kuhusu sandarusi, utomvu wa miti iliyokufa zamani, unaochimbwa ardhini kama viazi. Nikasoma wasichana wanavyowekwa ndani na kufundwa, na somo wao, yaani kungwi, anavyowachezesha, kurasa ambazo nilizisoma haraka mara ya kwanza na polepole mara ya pili. Nikasoma kwamba kule mti ni mali ya aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Mtu anaweza kurithi mikorosho saba isiyo na hata hatua moja ya shamba, kwa hiyo watu huikariri miti kama sisi tunavyokariri ng'ombe. Nilianza kuwajua watu wa Kusini kuliko nilivyowajua majirani zetu. Shuleni niliulizwa mkoa wetu unapakana na mikoa ipi, nikakosa. Wangeniuliza bandari za Kusini ningezitaja kwa mpangilio.

Shida ilianza karatasi zilipoisha. Mama alikuwa akifungia karanga kwenye magazeti ya zamani, unakata, unasokota kama pembe, unajaza, unakunja juu. Gazeti likaadimika. Mama akatazama sanduku. Yeye hakusoma zaidi ya jina lake, na hakuona kosa: kitu cha utani kimekaa miezi mitatu, mwenyewe hakitaki. Akachomoa kitabu cha picha, chenye kurasa pana. Nikaruka kama nimeungua.

"Mama, siyo hicho!"

"Kina nini hicho? Kimekuzaa?"

"Hicho kizuri bado. Chukua hiki." Nikampa chenye jalada la udongo. "Hiki kimeshaharibika. Tazama, kimechorwachorwa chote pembeni."

Mama akakifunua. Penseli ilikuwa imepauka, mistari imekwenda huku na huku, na kwake ilionekana kama mtoto alikuwa akijaribisha ncha. "Hiki tu?"

"Hiki tu. Vingine uniachie."

"Utavila?"

"Uniachie tu, mama."

Tukakubaliana. Ndiyo biashara yangu ya kwanza niliyopatana kwa akili yangu mwenyewe, na nikajiona mjanja: nimetoa kimoja, nimeokoa kumi. Ila kuna jambo nililolijua ambalo mama hakulijua. Ile michoro haikuwa michoro. Nilikuwa nimekaa dawati moja na watoto wa madrasa, nilishaona juzuu zao, nilijua zile ni herufi za Kiarabu. Nilijua ni maandishi. Sikujua yamesema nini, na kwa kuwa sikuweza kuyasoma niliyahesabu kama hayapo. Siku moja mzee mmoja wa kwenye basi la Mwanza alinunua karanga, akazimimina zote kiganjani, akaikunjua karatasi, akaisoma kutoka kulia, akatabasamu. Kisha akaikunja vizuri akaitia mfuko wa shati, akala karanga mkononi. Niliona kwa macho yangu. Nikaendelea kusokota.

Siku ya eda kuisha ilipokaribia, Rukia, binti mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa darasa la tano, alinikuta kwenye foleni ya bomba. Tulikuwa hatujasemeshana tangu msiba. Alisogeza ndoo yake mbele ya yangu kwa makusudi.

"Rudi nyuma, Rukia. Mimi ndiye niliyewahi."

"Ninyi si mnachukua vya watu? Na mimi nimechukua nafasi."

Wasichana wa foleni wakaguna kwa raha. Nikamwambia atume jogoo kama anataka sanduku lake. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Jogoo wa nini?" Ndipo nilipojua kwamba hawakuwahi kuambiwa. Nikamweleza pale pale, habari ya utani, kukomboa, konzi ya unga. Alisikiliza, na hasira ikamtoka usoni, pakabaki kitu kibaya zaidi. Akasema vitabu vingine wala mama yake havijali. Anachokililia ni kimoja, cha rangi ya udongo, baba aliandika mle ndani mikorosho yao yote na wazee wao wote. Wanasafiri wakishatoka eda. Ami zake kule wameshaanza kusema marehemu hakuacha mti hata mmoja. "Mama anasema kile kikiwepo, hana haja ya kugombana na mtu. Atakifungua tu."

Ndoo yangu niliiacha kwenye foleni. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikakitoa kitabu chini ya beseni la karanga, nikahesabu kurasa zilizobaki. Nikahesabu mara ya pili, kwa matumaini. Ilibaki nusu ya mbele tu, ya nyuma yote ilikuwa imekwenda na karanga. Nilikificha kwenye gunia la uwele na mama alipokiulizia nikasema kimeisha. Mama akanyoosha mkono kuchukua kingine. Hapo nikajua kwamba nikichelewa hata siku moja, hakuna kitakachorudi kwa mwenyewe.

Nilimfuata baba kibandani kwake. Alikuwa ameinamia gurudumu, mikono myeusi kwa grisi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shikamoo ya saa nane mchana hiyo, sema unataka nini."

"Sisi si watani wa akina Rukia."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha kwao. Cha kwenye sanduku."

Nilikuwa nimebeba kimoja cha vile kumi kwapani. Kilikuwa na sura nzima juu ya watani wa watu wa Kusini, orodha ya makabila, na nilikuwa nimeipitia kwa kidole kuanzia juu hadi chini na kuanzia chini hadi juu. Hatumo. Nikamfungulia na ramani ya njia za misafara. Baba alisoma polepole, midomo ikicheza, kidole chake kikaanzia Kilwa, kikaingia bara, kikaacha alama ya grisi njia nzima.

"Hii njia inakwenda wapi?"

"Ziwa Nyasa."

"Haipiti kwetu?"

"Haipiti."

"Hata kwa kuzunguka?"

"Hata kwa kuzunguka, baba. Babu yako alipita hii ya juu, ya Bagamoyo. Hii nyingine kabisa."

Akakaa chini kwenye tairi. "Basi nimekuwa mwizi," akasema, kwa sauti aliyozoea kumwambia mteja kwamba mpira una tundu. Nikamweleza niliyoyasikia kwa Rukia, yote, mikorosho na ami zake. Akaniuliza swali moja tu. "Vitabu vyote vipo?"

"Vipo kumi na moja," nikasema.

Hesabu ilikuwa sahihi. Ndiyo hesabu ya kwanza niliyoitumia kudanganya, na tangu siku hiyo najua kwamba mtu anayekupa idadi haraka sana anakuficha uzito.

Eda ilipoisha, kesho yake asubuhi, baba alijitwika lile sanduku akapita nalo njia ile ile aliyopita nalo siku ya msiba, mchana kweupe, watu wakiangalia. Mkono mmoja ulishika sanduku, wa pili ulishika jogoo wetu mwekundu miguuni. Mimi nilimfuata nyuma. Fundi cherehani akapiga kelele, "Mtani, unahama?" Mama mmoja wa vitunguu akadakia, "Anarudisha! Na jogoo kamtoa yeye! Mtani kajikomboa mwenyewe, hii ni mpya!" Vicheko vikatufuata kama vumbi la lori. Baba, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosa jibu, aliongeza mwendo. Niliona shingo yake tu, na jasho.

Mama Rukia alitupokea barazani. Ndiyo siku yake ya kwanza nje, alikuwa akifumba macho kwa mwanga. Mizigo yao ilikuwa imeshafungwa. Baba akatua sanduku, akamnyooshea jogoo.

"Mama Rukia, nimekuja kujikomboa."

"Miezi minne na siku kumi," akasema Mama Rukia, "nimekaa humu ndani nikijiuliza nilikukosea nini, mzee wangu."

"Hukunikosea kitu. Nilidhani ninyi ni wa kwetu."

Mama Rukia alitandika mkeka. Alipiga magoti, akafungua sanduku, akatoa vitabu kimoja kimoja akavipanga mkekani. Alipofika kwenye kile cha udongo hakuhitaji kukifungua. Alikipima mkononi. "Chepesi," akasema. Akakifunua, akapitisha kidole pembeni mwa kurasa, kutoka kulia, midomo ikisoma kimya, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka kidole kikafika mahali palipochanwa kikasimama. Rukia alikuwa mlangoni amemshika mdogo wake. "Wazee wapo," akasema mwishowe. "Mikorosho haipo." Halafu, bila kuinua macho, "Nani kachana?"

Baba aligeuka akaniangalia. Ilikuwa mara moja tu, haikufika hata pumzi moja, lakini alisoma kila kitu. Akarudisha uso kwa Mama Rukia.

"Ni mimi. Nilifutia grisi. Sikujua kina nini."

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema na nilikuwa na mdomo, na nilinyamaza. Mama Rukia alimpokea jogoo kwa miguu yake, akamfunga kwenye nguzo ya baraza, akasema ahsante mzee, kwa adabu ile ya kwao ambayo ilituumiza zaidi ya matusi. Tukaondoka.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilipita kituo chote cha mabasi nimeinama. Nilipekua mitaro, nyuma ya vibanda, chini ya meza za wachoma mahindi, penye miiba ambapo upepo hutundika takataka. Nilipata karatasi tisa za karanga. Nyingi zilikuwa za magazeti. Mbili zilikuwa za kitabu lakini pembeni zimechanika. Moja tu ilikuwa na penseli, mistari minne, imekwajuka kwa mafuta. Niliilalia chini ya mto kama pesa, na alfajiri, basi la Dodoma likiwa limeshawasha injini, nikakimbia mpaka dirishani kwa Mama Rukia nikampa. Aliikunjua juu ya goti. Akasoma. Na akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, cha kwanza nilichowahi kukisikia kwake.

"Amesema nini, mama?" Rukia akauliza.

"Anasema wali wa Mkiwa hauna nazi, na ameshawaambia, hawaelewi."

Rukia naye akacheka, huku akijifuta macho. Nikauliza, "Mikorosho je?"

"Mikorosho haipo hapa, mwanangu." Akaisogeza karatasi puani, kidogo tu. Ilinuka karanga. Akanitazama kwa muda kupitia dirisha lile, na nikajua kwamba sasa anajua, na kwamba baba amesema uongo kwa ajili yangu na uongo wenyewe haukudumu hata siku mbili. Alikunja karatasi akaitia ndani ya kitabu, na basi likaondoka. Kama miti ile waliipata au waliikosa, sijui mpaka leo. Hakuna barua iliyokuja. Sikuitegemea.

Siku hizi nakaa Mwankoko, nauza vitunguu na kuku, siku za gulio nashuka Ikungi. Nimezeeka kwenye kupatana bei. Mteja akifungua mdomo najua ataishia wapi, na mara nyingi nachoka kabla hajaanza. Nimewahi kukitafuta kile kitabu cha udongo. Nikimwona mtu kamwaga vitabu vya zamani kwenye turubai nainama, nauliza kama kuna vya Kusini, historia, mila, chochote. Wananipa vya mitihani. Kijana mmoja aliniahidi atanipatia nakala kutoka Dar es Salaam, nikamwambia asihangaike, na aliponiuliza kwa nini, sikuweza kumweleza. Maneno yaliyochapwa hayakuwa shida, mengi bado nayakumbuka. Hata angeniletea kipya cha dukani, pembeni kungekuwa kweupe.

Baba hakufanya utani msibani tena. Aliitwa, akakataa. Mwanzoni watu walidhani amesusa, kisha wakazoea, na vijana waliokuwa wakijifunza kwake nao wakaacha mmoja mmoja. Siku hizi msiba ukitokea mtaani kwetu tunachanga kwa simu, tunakaa kwenye viti vya kukodi, kila mtu ameshika begi lake. Ukigusa kitu cha mwenye nyumba utaulizwa unakipeleka wapi, na ukisema ni utani utaulizwa utani gani. Ni haki yao kuuliza. Mimi najua kuliko wao kwa nini waulize. Na bado, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki, naona tumekaa kama abiria.

Baba alifariki mwaka juzi. Alinilea miaka yote ile na hakuwahi kunitajia karatasi, wala mimi sikuwahi kumshukuru. Tulimzika Mkiwa. Kabla watu hawajafika nilichukua boksi lake la spana nikaliweka barazani, karibu na mlango, mahali ambapo hata mtu mvivu angelifikia. Wagogo walikuja, Wasukuma walikuja, wote hao tuna utani nao wa kweli, usio na mashaka. Walitoa pole, walikula, walikaa wametulia kwa heshima kubwa. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa. Nilitoka barazani nikafungua boksi, nikahesabu spana. Nikahesabu tena. Zilikuwepo zote.